Wimbo Uliobaki wa Bendi ya Rodel

Rodel ni mpishi wa hoteli moja ya Al Rigga, Dubai, huu mwaka wa ishirini na nane. Ujanani, kwao Ufilipino, alipiga gitaa kwenye bendi ya hevi metali. Mimi Junaid, mtu wa Mombasa, fundi wa redio hapa Satwa, napenda taarabu. Muziki wao kwangu ni ugomvi uliotiwa umeme. Lakini Rodel ni rafiki yangu, basi nikamhamishia kaseti zake kwenye kompyuta, aziweke mtandaoni kwenye hifadhi ya bendi zilizosahaulika.

Ukabaki wimbo mmoja. Huo ndio anaousubiri Danilo, mwimbaji wao, ambaye saratani ya koo imemnyima sauti.

"Anataka kujisikia tena, brader," Rodel aliniambia. "Basi."

Mwezi uliopita dada yake Rodel aliipata kaseti ya wimbo huo kwenye sanduku la marehemu mama yao, akaituma. Nikaitia kwenye mashine. Ngoma, gitaa, Danilo akavuta pumzi aanze kuimba, mara tak! Sauti ya bibi mmoja, na jogoo akiwika nyuma yake.

"Mjinga gani huyu karekodi juu ya wimbo?" nikafoka.

Rodel alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. "Mama," akasema.

Ulimi wangu huu utaniponza siku moja. Mama alikuwa akimrekodia barua mwanawe aliye Dubai, kama walivyofanya wengi enzi hizo, kwenye kaseti ya kwanza iliyomjia mkononi. Akafa hajaituma, na kafeel, mwajiri mdhamini wake wa wakati ule, hakumpa Rodel ruhusa ya kwenda kuzika. Sasa, Rodel akanifasiria, anamwuliza mpishi mzima kama anakula vizuri. Alizungumza mpaka wimbo ukaisha. Hakuna neno hata moja la Danilo lililosalimika.

"Nimkate?" Rodel akauliza.

"Ukimkata kinabaki nini?" nikamjibu, na nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Akamtumia Danilo rekodi yote, na kumwomba radhi. Siku mbili zikapita. Ijumaa Rodel akaingia dukani mbio, aproni bado kiunoni, akanisomea jibu:

"Huyo ndiye aliyetulisha bendi nzima. Usimkate. Kwenye orodha futa jina langu, mwimbaji mwandike yeye."

Rodel aliyaandika majina yote mawili, la mama kwanza.