Filemon wa Kwenye Picha

Dominika alikuwa hawezi kutazama picha akanyamaza. Wenye banda la video pale Himo walimkalisha nyuma kabisa, karibu na mlango, maana akianza kumtukana mtu wa kwenye skrini, watazamaji wote waligeuka kumtazama yeye. Siku za gulio, akishauza ndizi zake, aliingia humo kusubiri gari la kupanda huku juu kwetu mlimani, na kiingilio alilipa kwa kichane kimoja alichokibakiza makusudi. Ilikuwa miaka ile ya tisini, video zimeenea kila penye jenereta, na waume zetu walituambia banda lile ni la wahuni. Dominika alikuwa mjane, hana wa kumkataza. Alikwenda, akarudi akatuhadithia.

Kihindi hakujua, Kiingereza hakujua. Majina ya watu wa kwenye picha yalimshinda, basi akawapa ya kwetu. Mwenye kitambi alipewa jina la mwenye kitambi wa kijijini, mlevi la mlevi, nasi tulicheka mpaka kahawa tunayochambua ikamwagika. Hata mimi niliwahi kuozwa kwa jambazi mmoja mwenye farasi.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanne uani kwake, na mmoja wetu ni Margareta, mke wa Filemon. Dominika alikuwa na hasira aliyolala nayo.

"Jamani, jana nimelia mpaka kitenge kimelowa," alisema. "Kuna ndugu wawili. Mkubwa kafunga mkanda chini ya kitambi, Filemon kabisa! Mdogo yuko mjini, mpole, basi huyo ni Eliufoo. Mama yao amefariki. Sasa Filemon si anamleta tajiri, anamzungusha kihambani! Kihamba cha kitindamimba! Na kaburi la baba liko pale pale migombani!"

Wahindi hawana vihamba, mashamba haya ya ukoo yenye migomba, najua. Lakini akisimulia Dominika, hata mimi niliiona migomba.

Tukamlaani yule kaka kwa pamoja. Margareta hakulaani wala hakucheka. Alikuwa akichambua fungu lile lile alilokwisha kulichambua. Nilimwona, nikadhani anaumwa.

Hapo katikati akaingia Rachel kuazima ungo. Alisikia kwamba Filemon anauza kihamba, mnunuzi amekwisha kukikagua, na Eliufoo hana habari. Akachukua ungo akaenda zake. Mwanzo hakuusikia, mwisho hakuusubiri, ndivyo alivyo mpaka leo. Kesho yake aliteremka Moshi mjini, akapita gereji anakofanya kazi Eliufoo, mdogo wake Filemon, akamwaga yote.

Kwetu nyumba ya mama na migomba inayoizunguka ni ya mtoto wa mwisho. Eliufoo alikuwa na mchumba na alitaka kujenga hapo. Akikikosa kihamba kile, hana mahali pengine pa kupaita kwao.

Alipanda mchana, na panga mkononi. Alinipita njiani bila kuniamkia, kijana ambaye shikamoo yake huisikia ungali mbali. Nikautupa mzigo wa majani, nikakimbia kumwita Dominika.

Tulimkuta uani kwa kaka yake. Filemon alikuwa amesimama mlangoni, Margareta nyuma yake.

"Umemuuzia nani nyumba ya mama?" Eliufoo aliuliza, sauti chini.

"Weka panga kwanza."

"Nimekuuliza, kaka."

Dominika akajitosa katikati. Nilimvuta kitenge, kikabaki mkononi mwangu.

"Mwanangu, ni picha! Nilihadithia picha ya video! Kaka yako nilimpa jina kwa sababu ya kitambi tu!"

"Mama Primus, usimfichie," Eliufoo alimwambia Dominika.

"Nimfichie nini? Ngoja nikuhadithie yote, kisha unikate mimi."

Akaisimulia upya pale pale, amesimama. Safari hii hakumpa mtu jina. Kaka mkubwa, mdogo, tajiri. Alipofika mahali mdogo anaporudi na kisu, akasita.

"Ikawaje?" akauliza Eliufoo.

"Akamchoma. Kaka akafa, mdogo akafungwa, tajiri akabaki na shamba. Nikapiga kelele mle ndani: hivi nyie kwenu hamna masale? Hamna hata mtu mmoja wa kwenda kuchuma jani? Wakanitoa nje."

Masale ni ile mimea tunayoipanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ndilo la kuombea radhi. Ukiletewa isale, hupaswi kukataa. Anayekataa hata ndugu zake humwogopa.

Panga lilikuwa limeanza kushuka. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana Margareta aliangua kilio mlangoni.

"Mwambie, Baba Elifuraha," alimwambia mumewe. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Filemon alitoka pale mlangoni. "Sijauza," alisema. "Lakini kuna mtu nimemzungusha. Tumepatana aje Jumamosi."

Panga likapanda. Sitadanganya, nilifumba macho.

Nilipofumbua, Dominika alikuwa bado amesimama pale pale, mikono ameitanua. Filemon alikuwa mpakani, amenipa mgongo, anachuma. Alirudi na jani moja la isale. Hakumpelekea mdogo wake, kwa kuwa mkosaji halipeleki mwenyewe. Alimpa Dominika, kisha akapiga magoti penye vumbi na kitambi chake chote.

Dominika alimnyooshea Eliufoo lile jani. Eliufoo akalitazama. Akatazama migombani, kwenye makaburi ya wazazi wake.

"Mkono unaniuma, baba," Dominika akamwambia. "Mimi mtu mzima. Pokea."

Akapokea. Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso umekaza vile vile.

"Na hilo panga nipe," Dominika akasema. "Utalipata Jumamosi."

Jumamosi yule mnunuzi alipanda na gari lake mpaka kwenye njia ya kihamba. Dominika alikuwa kando ya njia, anakatia ng'ombe majani kwa panga la Eliufoo. Mpakani, penye masale, walikuwa wamesimama ndugu wawili. Tangu siku ile walikuwa hawajasemeshana hata neno, lakini walisimama upande mmoja. Yule mtu hakushuka garini.