Shati la Fundi, Upande wa Ndani

Fundi cherehani wa mtaa wetu hasifii nguo kwa kuitazama nje. Hata umpelekee suti ya harusi, kwanza ataipindua. "Kwa nje kila mtu ameoga," husema. "Nionyeshe ndani."

Jioni moja, akifunga duka, wezi wawili walimvamia wakitaka simu. Kisu kilipasua mkono wa shati, kikakata mishipa ya mkono wa kulia. Kidonda kilifunga, lakini vidole viwili havikukunjika tena.

Upo mfuko wa serikali unaowalipa fidia waliojeruhiwa na wahalifu. Kwa kuwa kalamu ilimshinda, mimi jirani yake nilimjazia fomu. Tulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na moja: alete nguo aliyovaa siku ya tukio. Fundi akainamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyesema kwamba shati lilishafuliwa, na Fundi mwenyewe ameshaushona mpasuko.

"Baba watoto," akamgeukia, "yaani siku nne zote zile ulikuwa unashona ushahidi?"

Fundi akajitetea kwamba yeye hawezi kulala nyumba moja na nguo iliyochanika.

Tukaenda nalo hivyo hivyo kwenye ofisi ya mfuko huo. Karani, mama wa makamo, alilishika mbele ya dirisha, akalizungusha, asione kisu kilipopita. Hakuwa mkali. Alitueleza kwamba polisi wameandika kuna shambulio, daktari ameandika kidonda kimepona, na sasa shati nalo ni zima. Wakubwa wake watauliza mtu huyu amepoteza nini. Akaanza kufunga jalada.

Nilijua la kumwokoa Fundi, na mwenyewe alijua. Lakini aibu haikuwa yangu kuianika.

Fundi alilichukua shati. Alikawia nalo mapajani kama mtu aliyeambiwa avue mbele za watu. Kisha akalipindua, akalitandaza mezani.

Kwenye mfuko wa shati palikuwa na kiraka cha zamani, cha kabla ya kisu. Ndani yake palikuwa safi kama nje. Kwenye mkono wa shati kulikuwa na mafundo, nyuzi zimepandana, mishono imekwenda upogo kama ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Siku nne alikuwa akishona na kufumua, mpaka nje pakadanganya jicho. Ndani palimshinda.

"Huu mshono ni wangu," alisema, akagusa mfuko. Akagusa mkono wa shati. "Na huu pia ni wangu, mama. Nilichopoteza ndicho hicho."

Karani alipitisha kidole kwenye mfuko, kisha kwenye mafundo. Akafungua jalada tena, akaandika mistari sita bila kutuuliza kitu, akasema shati litabaki kama kielelezo.

Barua ya kukubaliwa ilifika wiki ya tisa. Lakini siku ile, tulipokuwa tumeshafika mlangoni, Fundi alirudi mezani. Alikuwa na ombi moja tu: shati likunjwe upande wa nje uwe juu.