Nilimkimbiza mbwa wangu kabla mifupa yake haijakomaa: yaliyonikuta Goma

Wakuu, shikamooni walio wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza mbwa mdogo ale nini na afanye mazoezi kiasi gani. Kila mara majibu ni ya kujiamini: mpe nyama, mkimbize, atakuwa jitu.

Na mimi nilikuwa najiamini hivyo hivyo. Leo naweka yangu hapa kama yalivyotokea, pamoja na sehemu ambazo ningependa kuzificha. Kiswahili changu kina Kongo ndani yake, mtanivumilia.

Niko Goma, mtaa wa Katoyi. Ni mwalimu wa michezo sekondari, huku kwetu wanatuita prof. Kazi hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nilidhani najua mwili.

Kwa nini mbwa? Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta aliingiliwa na watu wenye bunduki. Walichukua walichotaka, wakaondoka wakitembea taratibu kama watu waliotoka kusalimia. Mji wetu umepitiwa na waasi mara nyingi, na kila kundi likipita linaacha bunduki mikononi mwa watu. Mimi sina bunduki na sitaki kuwa nayo. Nikaamua kufuga mbwa.

Mwenzangu wa kazini alikuwa na jike wa aina ile mnayoita German shepherd, huku tunaita berger. Akanipa dume mmoja wa miezi miwili.

Nikampa jina Komando. Binti yangu Neema, wakati huo ana miaka kumi na moja, akamwita Koko. Mbwa akachagua kuitika Koko.

Sasa wakuu, mbwa wa miezi miwili halindi kitu. Analala, anakojoa, anatafuna viatu. Mimi nilikuwa na hofu ya wale watu wa bunduki na nilikuwa na haraka. Nikasema huyu nitamkuza kwa training.

Chakula kikawa nyama tupu. Darasani nafundisha kwamba protein inajenga misuli, basi nikaona jambo limekwisha. Nilinunua steki, bila hata mfupa mmoja, maana niliogopa asije akakabwa. Bugali, yaani ugali, nilipiga marufuku. Nikasema bugali itampa kitambi.

Halafu jogging. Kila siku alfajiri nilimfunga kamba tukatoka Katoyi kushuka Keshero karibu na ziwa, kisha kurudi. Kwa msiojua Goma, sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava ya zamani. Njia za mitaani ni mawe meusi, makali, magumu. Mtu mzima mwenye raba nzuri anayasikia mpaka kwenye meno.

Neema nilimchukua pia, nilitaka naye awe na pumzi. Mara nyingine alisimama njiani akishika magoti. Namwambia aache uvivu, tunaendelea.

Koko naye alikuwa akilala chini katikati ya njia. Nilivuta kamba mpaka akasimama. Neno nililompa lilikuwa lile lile.

Mke wangu, Mama Neema, ni Mnande wa Butembo na si msemaji. Asubuhi moja alitutazama tukirudi, mbwa ulimi nje, akaniuliza: "Huyu ni mutoto ao ni asikari?"

Nikacheka. Nikamwambia ni vyote viwili.

Na kweli alikua haraka. Miezi minne tu, watu wa mtaa wanasimama kumwangalia. Nilijisikia fahari sana, kama kocha ambaye timu yake inaongoza.

Kisha miguu ya mbele ikaanza kupinda. Matege kabisa, na vidole vikatawanyika. Akawa anashuka ngazi ya barazani huku akilia. Unajua nilifanya nini? Niliamua kwamba misuli ni dhaifu, nikaongeza umbali.

Chekeni tu wakuu, nimestahili.

Mama Neema ndiye aliyenilazimisha kwenda kwa daktari wa mifugo, mzee mmoja ambaye maisha yake yote ametibu ng'ombe wa Masisi. Aliminya miguu ya mbele polepole. Koko akalia kwa sauti ambayo sijaisahau. Mzee akaniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa majivuno: steki peke yake. Akaniuliza anatembea kiasi gani. Nikamjibu hilo nalo kwa majivuno.

Akanieleza bila kunikaripia. Nyama ni nzuri, lakini nyama tupu haina kile kinachofanya mfupa uwe mgumu. Mtoto wa mbwa asipokipata kwenye sahani, mwili wake unakichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inabaki laini. Na mimi mifupa hiyo laini nilikuwa naigonga kwenye mawe kila asubuhi.

"Prof," akaniambia, "weye unajenga etaje juu ya simenti yenye haiyakauka." Yaani ghorofa juu ya saruji mbichi.

Aliuliza kama hajawahi kuonja kitu kingine. Hapo Neema, ambaye tulikuja naye, akainamisha kichwa. Akakiri kwamba nikienda kazini alikuwa anampa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wazima na miiba yao. Mzee akasema huenda huyo binti ndiye aliyezuia mguu usivunjike.

Maagizo yake yalikuwa haya. Chakula kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Bugali ya mahindi na sambaza wazima, yai, mboga iliyopikwa, maziwa ikiwa tumbo linayakubali, nyama iwepo lakini isiwe peke yake. Unga wa kalisi, yaani kalsiamu, nisimwagie kwa kukisia, maana ukizidi nao unaharibu. Apate jua. Kucheza kwenye udongo, na akiacha kucheza, ameacha.

La mwisho alilirudia mara mbili: asitembee mbali hata kidogo, mpaka mifupa ishike. Mguu ukivunjika katika hali hii, akasema, yeye hana la kufanya.

Wiki ile ile mlima wetu wa volkano ukalipuka.

Mliokuwa mbali mliona picha. Lava ilimeza nyumba za wenzetu upande wa kaskazini, ikasimama kabla ya kufika kwetu. Lakini ardhi haikutulia. Siku kadhaa ilitetemeka, kuta zikapasuka, vyombo vikaanguka rafuni. Halafu asubuhi moja redio ikatangaza mitaa kadhaa ihame mara moja. Wa upande wetu wengi wakashika barabara ya Sake.

Magari yalijaa, yakakwama. Tukaenda kwa miguu. Mama Neema alibeba unga, maji na makaratasi ya nyumba. Neema alibeba blanketi. Mimi nikabeba mbwa.

Alikuwa mzito tayari. Mama Neema akanifunga kitenge mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto, kichwa cha Koko kikatokeza juu ya bega langu. Watu walikuwa na hofu, lakini walicheka. Mzee mmoja mwenye godoro kichwani akaniuliza: "Papa, uyo mutoto amefanana na nani?"

Nikamjibu amefanana na bibi yake mzaa mama. Hata Mama Neema alicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka siku ile.

Tulipopita Mugunga, tukamkuta mama mmoja amesimama kando ya barabara. Baadaye nilijua anaitwa Mama Riziki. Alikuwa amekimbia vita Masisi, akaishi kambini Mugunga, na sasa anakimbia mlima. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga, kichwani mzigo. Chini, kwenye lami, alikaa binti yake wa miaka kama minne, pekupeku, nyayo zimevimba. Amekataa kusimama.

Yule mama hakuomba msaada. Alisimama tu anangoja mtoto apate nguvu.

Sitawadanganya. Nilipita.

Nilipita nikijiambia kwamba nimebeba mgonjwa, kwamba daktari amekataza, kwamba nyuma yetu kuna watu wengi na mmoja atasimama. Nilienda hatua thelathini hivi. Kisha nikaona natembea peke yangu. Mama Neema na Neema wamesimama kule nyuma, pembeni ya yule mtoto.

Nikarudi. Nikafungua kitenge, nikamweka Koko chini. Nikamfunga yule binti mgongoni.

Koko akabaki ananiangalia usoni, anangoja zamu yake ya kubebwa. Tulipoanza kwenda, akaanza kwenda.

Wakuu, barabara ile niliitembea nikisikiliza kucha zake kwenye lami. Kila zilipokaa kimya niligeuka kumtazama. Neema alijaribu kumbeba, anaenda hatua chache, anamshusha, anajaribu tena. Mbwa hakulia. Ningependa angelia. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba akilala chini, kamba itavutwa.

Tulifika Sake jua likielekea kuzama, tukapata nafasi kwenye baraza la shule. Koko akajilaza na hakuweza kusimama tena. Mguu wa kushoto wa mbele ulikuwa umevimba mara mbili ya mwenzake.

Nilikaa nikamwangalia, nikaona nimemuua.

Mama Riziki alimlaza mtoto wake mchanga, akaja akapiga magoti karibu na mbwa. Baba yake alikuwa mfugaji, akaniambia, amekulia katikati ya ndama. Alipitisha vidole kwenye ule mguu kutoka begani mpaka kwenye kucha, taratibu sana. Akasema haujavunjika. Halafu akauliza kwa nini miguu imepinda hivi.

Nikamweleza yote. Nyama, kamba, Keshero. Nilitegemea atanicheka au atanigombeza.

Akasema tu, bado anapapasa mguu: "Kwetu mutoto ya ngombe hatumukimbizake. Anakimbiaka yeye mwenyewe. Akichoka, analala, tunamungojea."

Hapo ndipo Neema akasema. Alikuwa amekaa nyuma yangu na blanketi lake, na hakuinua sauti.

"Papa, na miye magoti inaniumaka. Nilikuambia, ukasema ni buvivu."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mtu yeyote, na huyu alikuwa mtoto wangu mwenyewe. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya Mama Riziki na watu wengine barazani. Huku kwetu baba haombi mtoto wake msamaha mbele za watu. Niliomba.

Ardhi ilipotulia tukarudi mjini, nikampeleka Neema kituo cha afya. Wakasema ni magoti ya mtoto anayekua haraka, apumzike, akimbie anapotaka na aache anapoumia. Sasa yuko sawa, anacheza mpira wa kikapu vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi.

Koko tulimtunza kama mzee alivyoagiza. Bugali, sambaza, yai tukilipata, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa bila chumvi nyingi wala vitunguu. Alikaa uani juani, tulimletea udongo laini upande mmoja akachimba anavyopenda. Wiki za kwanza alitembea mpaka getini na kurudi. Kisha akaanza kumfukuza kuku wa jirani, na mimi, badala ya kukasirika, nilitokwa na machozi.

Shuleni niliacha kuwaadhibu watoto kwa kuwazungusha uwanja. Anayesema anaumwa, namwambia akae. Wapo wanaonidanganya, najua. Acha wanidanganye.

Baadaye vita ikaja mpaka ndani ya mji. Siku kadhaa tulilala chini, hakuna soko, hakuna umeme, hakuna maji. Koko alikula tulichokula, naye alishinda amejibana kati ya Neema na ukuta. Wenye bunduki wakabadilika, kambi za Mugunga zikaondolewa, watu wakatawanyika. Mama Riziki sijui yuko wapi na wanawe. Nimeuliza kwa watu wa Masisi, hakuna anayemfahamu. Binti yake sasa atakuwa msichana wa shule, kama wapo salama.

Mtauliza kama mbwa analinda. Anabweka kama mbwa mwingine yeyote. Wale watu wa bunduki wakija, sidhani kama atawazuia, na sidhani tena kama nilikuwa na haki ya kumtaka awazuie.

Nilichojifunza, kwa mwenye mbwa mdogo anayesoma hapa: mlishe vyakula mchanganyiko, mwite daktari mapema, na umwache yeye aseme amechoka. Ukimwona anajilaza njiani, kaa naye chini. Mwili unaokua una kazi kubwa unaifanya humo ndani, wewe huioni.

Karibuni mseme, hata mnaotaka kunigombeza. Na wenye uzoefu wa mbwa wakubwa nina swali. Mguu wa mbele wa kulia umenyooka vizuri, lakini ule wa kushoto bado umegeukia nje. Haumsumbui, anakimbia nao. Je, kwa mbwa aliyekwisha komaa bado kuna tumaini la kunyooka, au niache kuuangalia kila asubuhi?

Neema ananiambia niache. Anasema Koko mwenyewe hajui kama umepinda.

Mimi ndiye ninayejua.