Nyimbo Nne za Kasuku

Kwa miaka kumi na miwili Kasuku aliimba nyimbo za kila mtu isipokuwa zake. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi, naye alilivaa kama kilemba. Na kwa nini asilivae? Mpe wimbo wa mwimbaji yeyote, awe mwanamume awe mwanamke, kesho yake atakuletea wimbo ule ule, kwa sauti ile ile, na pumzi atavuta pale pale. Kuna wimbo mmoja ambao mwimbaji wake alikohoa katikati ya ubeti wa tatu siku ya kurekodi, na kikohozi kikabaki humo humo. Kasuku akifika hapo, naye anakohoa. Watu walishika mbavu kwa kucheka, wakampigia makofi, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima, mwenye afya yake, akohoe kikohozi cha mwenzake.

Bendi ilikuwa ya kopi: harusi, sherehe za maofisini, chakula cha mchana hotelini. Kazi haikukosekana. Mambo yaliharibika kwenye harusi moja, saa tisa alasiri, pale mshereheshaji alipochukua kipaza sauti akasema, "Jamani, hebu fumbeni macho mumsikilize huyu. Mtadhani ni mwenyewe."

Ukumbi mzima ukafumba macho. Kasuku alikuwa amevaa gauni alilolishona wiki mbili, ushanga mmoja mmoja kwa mkono, na hakuna jicho hata moja lililomtazama. Aliimba mpaka mwisho, maana kazi ni kazi. Lakini alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Jumatatu, mazoezini, alimkuta Kiongozi wa bendi anabadilisha nyuzi za gitaa.

"Kiongozi, nataka kuimba nyimbo zangu."

"Zako zipi?"

"Ninazo nne. Nimezitunga mwenyewe."

Kiongozi hakuinua uso. "Watu wanapenda wanachokijua, dada. Nani aende harusini kujifunza nyimbo mpya?"

"Ndiyo maana naondoka."

Hapo akamtazama. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kuwa sahihi. "Mkataa pema, pabaya panamwita. Nikishaweka mwingine, simtoi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mama yako anajua kama unamwaga unga wako mwenyewe?"

"Bado," Kasuku akasema, na hilo ndilo hasa lililokuwa likimtisha. Yeye na mama yake waliishi wawili tu, na nyumba nzima ilitegemea koo lake.

Akakata shauri na kujiwekea sharti moja. Angezindua nyimbo zake kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi moja mchana, na siku hiyo hataimba wimbo wa mtu. Hata mmoja. Akiuimba, atakuwa Kasuku yule yule, tena sasa bila bendi.

Studio aliyoipata ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Kuta zilizibwa kwa magodoro makuukuu, na jirani akianza kukata chuma, wa ndani walikaa kimya wakamngoja amalize. Fundi wa kurekodi, baba wa watoto watatu asiyependa maneno mengi, aliketi kwenye kinanda akamuuliza, "Ufunguo gani, dada? Sauti yako inaanzia wapi?"

Miaka yote hiyo Kasuku alianzia pale mwenye wimbo alipoanzia. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye sauti yake inakaa wapi.

Akaimba kwa kubahatisha. Mstari wa kwanza ulipokwisha, Fundi akasema, "Huyo ni yule mama wa nyimbo za kubembeleza." Wa pili: "Huyo ni mume wake." Wa tatu akaukunia kichwa. "Huyu jina limenitoka, lakini redioni namsikia kila siku. Sasa wewe mwenyewe unaingia saa ngapi?"

Kasuku alicheka, kisha kicheko kikakauka. Kila akifungua mdomo, alitoka mtu mwingine. Siku ya tatu alitoka nje akalia kati ya mageti yasiyopakwa rangi, akiwaza namna atakavyomrudia Kiongozi na maneno ya kuomba radhi. Maneno yenyewe yalikuwa yameshapangika vizuri. Yalipofika kwenye "nimekosa," akayakataa, akajifuta uso, akapiga moyo konde na kurudi ndani.

"Acha kuimba," Fundi akamwambia. "Nisomee maneno tu. Hapana, si kama mtangazaji. Soma kama unasema na mtu wa nyumbani kwenu."

Akasoma kama anavyosema nyumbani, kwa ukali kidogo. Fundi akawa anabonyeza kinanda, noti hii, noti ile, akishuka polepole, mpaka kinanda na sauti vikakutana. Palikuwa chini sana, chini kuliko wimbo wowote aliowahi kuuimba. Akajaribu mstari mmoja hapo. Sauti ilitoka nzito, ina mkwaruzo.

"Mbaya hiyo," akasema.

"Si mbaya. Hujaizoea."

Mwezi mzima alikwenda kila asubuhi. Kila alipoteleza akaazima sauti ya mtu, Fundi aliinua kidole bila kusema kitu, naye akarudia. Mwanzoni kidole kilipanda mpaka mkono ukachoka. Wiki ya mwisho kilipanda mara mbili tatu kwa siku. Bandu bandu huisha gogo.

Kazi ilipokamilika alimwekea mama yake wimbo wa kwanza kwenye simu, na hapo hapo akamweleza kuwa bendini ameshatoka. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaomba aurudie.

"Nyimbo zako za harusini nilizisikiliza," mama akasema, "lakini wewe nilikuwa sikusikii humo. Huyu namjua. Ndiye anayenigombeza nisipokunywa dawa."

"Hukasiriki, mama?"

"Nimeogopa, mwanangu. Lakini maji umeshayavulia nguo, yaoge."

Jumamosi ukumbi ulijaa, na ulijaa kwa sababu watu walikuja kumwona Kasuku wao. Mama aliketi mbele. Kiongozi naye alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, makofi yalikuwa ya heshima, kama ya mkutano wa wazazi. "Tupe kile kikohozi," mtu mmoja akasema, na wengi wakadakia. Mpiga gitaa wa kukodi, kwa huruma tu, akaanza kuzipiga nyuzi za wimbo ule wa kikohozi. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Kasuku alitamani. Tusimsingizie ushujaa, alitamani mpaka mate yakamjaa mdomoni. Kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi, gitaa likanyamaza.

"Huo una mwenyewe," akasema. "Leo nimekuja na zangu."

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Akaimba wa pili watu wakitoka, wa tatu wakitoka wachache zaidi, wa nne hakutoka mtu. Walibaki kama arobaini, wametulia, wanamtazama.

"Ndizo hizo," akasema. "Ziko nne tu. Sina nyingine."

Hakuna aliyeinuka. Kule mlangoni Kiongozi akasimama, kofia mkononi, na watu wakageuka kumtazama.

"Rudia ule wa kwanza," akasema. "Sikuusikiliza. Nilikuwa nangoja ushindwe."

Kasuku akamwonyesha kiti cha mbele kilichobaki wazi. Kiongozi alipoketi, Kasuku akauanza upya.