Mkono Walioniambia Nimezaliwa Nao

Uji wa wimbi uliochachuka ukianza kutokota, ile harufu yake kali hunipanda puani, na hasira yangu hupanda pamoja nayo. Jumapili iliyopita mjukuu wangu Wanjiku, anayesomea uuguzi, alikuwa akikoroga uji wa mgonjwa tuliye naye ndani, huku akinisifu. "Shosho, mwalimu alituuliza huruma ya muuguzi hutoka wapi. Nikamwambia kwetu iko kwa damu. Si wewe ulizaliwa nayo?"

Nilimnyang'anya mwiko. Kaeni niwaambie kwa nini.

Tulikaa Makongeni, chumba kimoja cha nyumba za reli, baba akifanya kazi karakana. Mama tulikuwa tumeshamzika. Cucu, mama yake baba, alipooza upande mmoja akaletwa kwetu kutoka mashambani, akalazwa nyuma ya pazia la maua. Kila aliyemlisha alimkosesha pumzi. Shangazi Wairimu alimmiminia uji kama anayejaza mtungi. Ukarudi kwa pua, Cucu akalia kwa jicho moja.

Mimi nilikaa nikamtazama. Nikaona shavu moja limelala, uji ukiingia huko unapotea, nikahamia upande uliokuwa hai. Nikalitazama koo: likipanda na kushuka, ndipo kijiko kingine. Kama halijashuka, ngoja, hata uji upoe. Basi, hakuna kingine. Siku ile alimaliza kikombe, kisha akanipangusa kidevu mimi, utadhani mimi ndiye niliyelishwa.

Loh, sifa! Mama Awino, jirani wa mlango wa pili, alipiga vigelegele pale kwenye mfereji wa maji. "Huyu mtoto amezaliwa na mkono wa kuuguza!" Shangazi akarudia, kanisani wakarudia, baba akarudia, na sare yangu ya shule ikakunjwa ikawekwa chini ya godoro. Kaka yangu Kamau, aliyenitangulia, aliendelea kusoma. Kamau hakuwa na mkono, walisema.

Mwalimu Rispa wa darasa letu alipita nyumbani akasema kiti changu bado kipo, lakini nikikawia kitapewa mwingine. Sasa, darasa langu lilikuwa la asubuhi, la Kamau la alasiri. Nikaona dawa ni moja tu: Kamau naye apate mkono.

Nikamfundisha nyuma ya pazia. "Mimi si msichana, bwana!" alinung'unika.

"Kwani koo la Cucu linajua?"

Akacheka, akashika kijiko. Asubuhi iliyofuata nilivaa sare yangu na mikunjo yake, nikaenda zangu shule. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, Cucu amelala mdomo safi, Kamau amevimba kichwa kama jogoo.

Sijawahi kumngoja baba kwa furaha namna ile. Alipouliza nani amemlisha mama yake, Kamau alijibu kwa fahari, na shangazi akajishika kichwa. "Mvulana! Na majirani wakimwona na kijiko?" Baba alikitazama kile kikombe kitupu, akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Sare ikarudi chini ya godoro, na kiti changu kikapewa mwingine. Cucu aliishi miaka mingi. Nililisha miaka mingi.

Utotoni nilidhani hawakuelewa. Nililala nikiwaza labda kikombe kimoja hakikutosha. Uzee ndio umenionyesha kwamba walielewa vizuri sana. Kama kulisha mgonjwa hufundishwa, basi hata wao wangeweza kufundishwa, na nani kati yao alitaka kukaa nyuma ya lile pazia? Ile sifa ilikuwa kufuli, na mimi mjinga nilikuwa nikiifurahia. Na msiniambie ni kwa sababu nilimpenda Cucu. Nilimpenda, ndiyo. Kwani Kamau hakumpenda?

"Mwambie mwalimu wako Shosho amekataa," nilimwambia Wanjiku. "Huruma hata Shangazi Wairimu alikuwa nayo, akimwaga uji. Kumtazama mtu mpaka umjue, hiyo hufundishwa. Wewe nenda ukasome."

Kisha nikamwita ndugu yake, Brayo, aliyejilaza kitini na simu yake. "Kuja hapa. Chukua hiki kikombe."

"Ai, Shosho! Mimi?"

"Wewe. Upande huu. Tazama koo."

Mgonjwa wetu ni Kamau mwenyewe, amepooza kama Cucu. Alimwangalia yule kijana akikaribia na kijiko, na kwa ule mdomo wake uliopinda, akacheka.