Kifaransa cha Jumamosi

Kifaransa changu nilikipata katika shule ya wasichana ya Wakatoliki, juu kidogo ya mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hakikunifaa kitu. Nayasema haya mapema ili asiyependa maneno ya uchungu aache kusoma sasa akachume chai yake.

Tulikuwa wasichana wachache darasani. Kila mmoja wetu alikuja na Kikisii cha nyumbani, Kiswahili cha kubabaisha cha sokoni, na Kiingereza tulichotiwa kwa kiboko. Kifaransa ndiyo lugha pekee niliyofundishwa bila kuchapwa, na labda ndiyo sababu niliipenda. Mwalimu wetu alikuwa sista kutoka Ufaransa, mwanamke mfupi aliyeshikwa na mafua kila pareto ilipochanua mashambani. Chaki zikiisha aliandika kwa vipande vya jiwe laini la Tabaka, akaukwaruza ubao wa watu bila kuona haya.

Tulipokuwa kidato cha sita alituletea kitu alichokiita subjonctif passé. Wenzangu wakaguna. Sista akasema ni rahisi kuliko kumenya ndizi. Unachukua avoir, yaani "kuwa na", au être, yaani "kuwa", unakigeuza kiseme yaliyo moyoni badala ya kutoa habari tu, kisha unakifuatisha na kitenzi chako kikiwa kimekwisha kutendeka. Que j'aie mangé, kwamba nimekula. Que tu sois partie, kwamba umeondoka. Vitenzi vya kwenda, kuja, kuzaliwa na kufa vinataka être. Vingi vilivyobaki vinataka avoir. Na aliyeondoka akiwa mwanamke, unamwongezea herufi moja mwishoni, ambayo mara nyingi haitamkwi.

"Mwanamke anaandikwa tu," Sista alisema. "Hasikiki."

Tulicheka. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Kuhusu matumizi, alituambia tukumbuke jambo moja: tendo limekwisha, lakini moyo haujamalizana nalo. Ukilijutia, ukilifurahia, au ukilitilia shaka, hapo ndipo unapoihitaji hali hiyo. Tukatunga sentensi mchana kutwa. Nasikitika kwamba mvua imeharibu pareto. Nafurahi kwamba shangazi amekuja. Nina shaka kama amefunga zizi. Wenzangu waliteseka, kwangu mimi ilikuwa mteremko tu. Nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambayo watu hawasemi wanachohisi, na hapa palikuwa na lugha iliyotengeneza mahali maalumu pa kukiweka.

Sista akaniita pembeni. Alisema nikifaulu Kifaransa, maandishi na mazungumzo yote mawili, nitaingia chuo kikuu, na huko wanaofanya vizuri hupelekwa kwao Ufaransa mwaka mmoja, kisha hurudi kufundisha. Mimi, msichana wa upande wa Birongo, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Kisumu kung'olewa jino. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kisha ikatangazwa kwamba mtahini wa mazungumzo atatoka Nairobi na kutusikiliza siku moja tu, Jumamosi.

Asiyelelewa katika nyumba ya Wasabato hawezi kujua neno hilo lilivyonipiga. Kwetu Ijumaa alasiri viatu vilipakwa rangi, kuni zikapasuliwa, chakula cha kesho kikapikwa na kufunikwa. Jua likishazama hakuna aliyeshika jembe, wala sufuria, wala kitabu cha shule. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa amekubali nisome kwa Wakatoliki kwa sharti moja, kwamba Sabato yangu isiguswe, na watawa walikuwa wameliheshimu sharti hilo. Sista alimwomba mtahini anisikilize jioni, jua likishatua. Mtahini akasema jioni atakuwa njiani kwenda Kisumu. Ilibaki ruhusa ya baba, mara moja tu katika maisha yangu.

Sasa, kwetu binti aliyekwisha kukua habishani na baba yake uso kwa uso. Heshima yetu haiendi hivyo. Hata kuketi karibu naye na kuongea naye kwa muda mrefu ni utovu wa adabu. Ukiwa na neno unampa mama, mama anamfikishia baba, na jibu linarudi kwa njia ileile. Ndivyo nilivyopata ruhusa ya kwenda sekondari, na sare, na hata kukataa mchumba wa kwanza. Sikuwahi kuiona njia hiyo kuwa na kasoro.

Basi likizo fupi ilipofika nilimfuata mama jikoni nikamwambia kila kitu, mtahini, chuo kikuu, Ufaransa. Nilimwambia amwambie baba kwamba sitashika kalamu, ni kuongea tu, na kuongea hata kanisani tunaongea. Mama alikuwa anachambua mboga za chinsaga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitamwambia," alisema.

Kesho yake asubuhi alirudi na jibu. "Baba yako anasema Ijumaa jua lisizame kabla hujafika hapa."

"Ulimwambia yote?"

"Binti yangu, nimekuletea jibu."

Nilikwenda nyumbani Ijumaa ile ya kuamkia mtihani. Jumamosi nilikaa kwenye benchi la kanisa, baba akiomba mbele kwa sauti yake nzito, nami nikinyambua vitenzi kimyakimya kama mtu anayeomba kwa mungu mwingine. Shuleni wenzangu walikuwa wanaingia kwa mtahini mmoja mmoja. Nilijua hata mpangilio wa majina. Nilipojua zamu yangu imefika na kupita, nilimtazama baba mgongoni, na nilimchukia. Nasema hivyo bila kupunguza.

Jumapili niliporudi shuleni, Sista alinikuta kwenye tangi la maji. Hakunigombeza. Alisema tu, "Je regrette que tu ne sois pas venue." Anasikitika kwamba sikuja. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni mimi au ni pareto.

Matokeo yalitoka bila Kifaransa changu. Masomo mawili yaliyobaki hayakunifikisha chuo kikuu, nikaishia kufundisha hesabu katika shule ya msingi upande wa Nyamache, watoto wengi kwenye madawati machache, na siku ya soko nusu yao hawaji.

Ningeweza kuyameza hayo. Imani ni imani, na kama baba angekuwa mgumu kwa wote, leo ningemheshimu na kunyamaza. Lakini miaka miwili baadaye mdogo wangu wa kiume aliitwa kwenye usaili wa kazi ya benki Kisumu, na usaili ukaangukia Jumamosi. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Nilingoja kwa hamu mbaya kumwona baba akikataa. Baba aliamka mapema, akavaa koti, akamsindikiza mwanawe mpaka barabarani na kumwombea. Kanisani, mzee mwenzake alipomuuliza kijana yuko wapi, baba alimkumbusha habari ya Injili ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Nani atamwacha afe? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kijana alipata kazi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lilelile la zamani. Kumbe kisima kilikuwapo siku zote, ila mimi sikuwa ng'ombe.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini baba aliugua miguu. Alikuwa akikaa nje ya nyumba, kwenye jua la alasiri, blanketi magotini. Nilikuwa nimekuja kuwasalimu na niko jikoni nasonga ugali, wakati mama alipoingia kutoka kwake.

"Baba yako anasema anafurahi kwamba ulitii siku ile ya mtihani," alisema. "Anasema katika watoto wake wote, wewe ndiye uliyetii."

Miaka yote hiyo, na anafurahi. Nikakumbuka Sista na ubao wake uliokwaruzwa, kwamba anayefurahi na anayesikitika hutumia umbo lilelile la kitenzi.

"Mwambie hivi," nilisema. "Mwambie na mimi nilikuwa ng'ombe wake. Mwambie nilitumbukia kisimani akanitazama. Hivyo hivyo, usipunguze neno."

"Nitamwambia," mama alisema, akatoka.

Jiko letu lilikuwa na kidirisha cha kutolea moshi upande wa uani alikokaa baba. Sikukusudia kusikiliza, lakini walikuwa karibu sana. Nilimsikia mama akivuta kigoda.

"Amesema nini?" baba aliuliza.

"Amesema anashukuru," mama alijibu. "Amesema Mungu akuponye miguu."

"Ni mtoto mzuri," alisema baba.

Nilisimama pale ugali ukishika moto chini. Sikukasirika kwanza. Kwanza nilihesabu nyuma: sare, mchumba, sekondari, halafu ile asubuhi ya likizo, mama na mboga zake. Siku ile sikuwa dirishani. Nilikuwa nimemkabidhi mama habari za mtahini, chuo kikuu na Ufaransa, nikaenda zangu kulala.

Baba alikufa kabla miguu haijapona, na mama sikumuuliza. Kila nikijaribu nilimwona akichambua chinsaga, akisikiliza mpaka mwisho. Mdogo wangu bado yuko benki. Mimi bado nafundisha hesabu, na Kifaransa chote kimenitoka isipokuwa sentensi moja, ambayo hakuna mtahini aliyewahi kuisikia: Je doute qu'elle le lui ait dit. Nina shaka kama alimwambia.