Mahali pa Kusimamisha Chombo

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuuweka mlima Meru juu yake, kisha akaniamsha leo niuone tena. Rehema zake zimezidi shukrani zangu.

Nakumbuka siku moja kule Nduruma, mwanangu, miaka ile mashamba makubwa yalipoanza kukodishwa kwa matajiri na neno "mwekezaji" lilikuwa bado jipya midomoni mwetu. Nilikuwa mwanafunzi wa upimaji ardhi, binti wa muuza nguo wa mjini Arusha. Chuo kilikuwa kimeniazima kipimo cha setilaiti kwa utafiti wangu wa mwisho. Ninyi leo mnacho ndani ya simu. Chetu kilikuwa na betri nzito kama jiwe la kusagia, na kisahani juu ya miguu mitatu, na wanafunzi tulikipangia foleni. Kazi yangu ilikuwa kuuchora mfereji wa wanakijiji, tangu unapochepuka mtoni hadi kwenye mahindi ya mwisho.

Nilifikia kwa Mzee Elisante, Mlutheri aliyeniwekea maji ya udhu kila alfajiri bila kuombwa. Alipenda utani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hicho kisahani chako kinaongea na mbinguni kuliko mchungaji wetu. Kiulize mvua inakuja lini."

Siku hiyo tulikuwa nje ya migomba, maana chini ya majani chombo hakipati kitu. Meneja wa shamba jipya la maua akashuka kwenye gari lake. Alikuwa amechimbia nguzo ng'ambo ya mfereji, kwa hiyo mfereji wote ulikuwa umeingia upande wake.

"Dada mpimaji, pale kwenye nguzo zangu kuna uwazi mzuri. Simamisha chombo chako asubuhi moja tu. Huna haja ya kuandika chochote."

"Kama siandiki, nasimama pale kufanya nini?"

"Kuonekana."

Alijua alichokuwa akikiomba. Wameru hupanda sale, ule mmea wa majani marefu, kuwa alama ya mpaka, na likishapandwa mbele za watu neno limekwisha. Walipokuja wapimaji wa serikali, watu wakawatazama kwa jicho lilelile. Hakuna aliyeuliza kipimo kimesoma nini. Waliangalia miguu mitatu imesimama wapi, na kesho yake hapo ndipo pakawa mpaka.

Mzee Elisante hakunishauri. Alisema tu, "Binti, sale letu hatulihamishi hata tukigombana. Chako kina miguu. Angalia unakipeleka wapi."

Nikamjibu meneja kwamba nilichoazimwa kwa ajili ya mfereji sitakisimamisha kwenye nguzo zake.

Akacheka. "Chombo si chako, mdogo wangu. Wenye nacho nakula nao meza moja."

Hakusema uongo. Haikupita wiki, ujumbe ukafika kwa simu ya ofisi ya kata: nishirikiane na mwekezaji, au nirudishe chombo. Walijua kwamba bila vipimo sina utafiti, na bila utafiti sina shahada. Walingoja nilie.

Nikaifunga betri kwenye kanga, nikapanda basi hadi chuoni Dar es Salaam, nikakiweka chombo mikononi mwa mwalimu aliyeniazima.

"Umejiharibia mwenyewe," aliniambia.

"Kikague, mwalimu, kama kuna kilichopungua."

Hakikupungua hata skrubu.

Nikarudi Nduruma na futikamba na dira. Mzee Elisante alinishikia ncha ya pili, akiyalalamikia magoti yake mfereji mzima. Nilifaulu kwa alama za chini kabisa, na wenzangu wakanitangulia kupata kazi. Sikujuta siku ile, wala leo sijuti.

Shauri la mpaka lilipofika barazani, wazee walimuuliza meneja swali moja: nani alikupimia hapa? Hapakuwa na mpimaji wa kumtaja. Nguzo ziling'olewa mchana kweupe, na mfereji ukabaki wa waliouchimba.

Mwanangu, kitu cha kuazima ni amana. Kitunze, na ukirudishe kizima kwa mkono uliokupa. Lakini aliyekuazima chombo hakukununua wewe. Watakuambia simama tu, usiseme kitu. Kusimama nako ni kusema, na siku ya hesabu utaulizwa ulisimama upande wa nani. Wakikulazimisha uchague, warudishie chombo chao, ubaki na ukweli wako. Na unapokirudisha usiinamishe kichwa, maana hukuiba.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mola akupe mikono ya kuaminiwa na shingo isiyopindishwa na dhuluma. Akupe subira pale haki inapochelewa, na riziki ya halali wewe na watoto wako. Amin.